Mkaa Hauchagui Harufu

Ugonjwa wangu ulianza kwa mate. Sikuwa na homa wala kikohozi. Nilikuwa nimekaa nyumbani kwangu jioni, mke wangu amenipakulia ndizi na maharage, nikatia kijiko cha tatu kinywani, mate yakaanza kunitoka kama mtoto anayeota meno. Nikayameza, yakaja mengine. Nikayafuta, yakaloanisha shati. Kisha tumbo likajisokota, nikatoka mbio, na ndizi zote nikazirudisha kwenye shina la mgomba zilikotoka.

Naandika haya nikiwa mzima, au mzima wa kutosha kushika kalamu bila kutetemeka. Naandika kwa ajili ya wanaofanya kazi niliyoifanya mimi, na kwa ajili ya wake zao. Habari za kitabibu sizijui, sitajifanya nazijua. Nitasema yaliyoupata mwili wangu na yaliyoipata nyumba yangu, kwa kuwa mwili ulipona mapema kuliko nyumba.

Nilikuwa karani wa stoo ya dawa katika shamba la kahawa la Mgiriki mmoja, chini ya Machame, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo. Vita vya Wajapani vilikuwa vimekwisha miaka michache iliyopita na bei ya kahawa ilikuwa nzuri, basi kila mwenye shamba alikuwa na vita vyake vipya na kunguni wa kahawa. Zamani tuliwanyunyizia unga wa maua ya pareto. Kisha ikaja dawa ya maji, ndani ya mapipa ya bati yenye picha ya fuvu, inanuka kama kitunguu saumu kilichosahaulika juani. Kazi yangu ilikuwa kuipima na kuwagawia wapiga dawa. Niliipima ndani, mlango na madirisha yamefungwa, maana Mgiriki aliogopa wezi na watoto. Alikuwa na haki ya kuogopa, ila mimi ndiye niliyebaki humo na ile harufu.

Kabla ya kunikabidhi ufunguo alinipa kinyago cha mpira chenye vioo viwili vya macho, na mbele yake kopo la bati lenye ukubwa wa kopo la maziwa. Akasema hewa yote nitakayoivuta sharti ipite kwenye lile kopo, ndani yake mna mkaa. Nilidhani ananitania. Mkaa ninaoujua mimi huichafua hewa, na ukiuwasha chumbani ukafunga mlango utaamka kwa Mungu. Lakini nilipokivaa, harufu ya kitunguu saumu ikakatika mara moja. Wenzangu wakakiita pua ya nguruwe, nami nikawa Bwana Nguruwe mpaka mavuno.

Njia ya kutoka kazini inapita kwa mama. Baba alikwisha kufa, na mama alikuwa akikaa katika nyumba ya zamani ya nyasi, ng'ombe upande mmoja, moto katikati, na juu ya moto dari la miti ambako huwekwa mbegu za mahindi, ulezi, na kila kitu ambacho mtu hataki kioze. Mimi nilikuwa nimejenga nyumba ya bati chini kidogo, katika kihamba hicho hicho, na kila jioni nilipita kumsalimu kabla ya kufika kwangu. Siku ya kwanza aliponiona na kinyago alishtuka.

"Hicho hakiingii kwenye nyumba yenye mtoto," alisema. Binti yangu Elinami alikuwa hajatimiza miaka miwili. "Lete hapa. Nitakutunzia."

"Ni kitu cha kazi, mama. Kisiharibike."

"Mimi nimetunza mbegu za baba yako miaka thelathini. Nani ameona funza?"

Nikampa. Asubuhi nikikipitia, ananikabidhi kikavu na safi, kimefutwa kwa kitambaa. Kilinuka moshi kidogo, lakini nani kwetu asiyenuka moshi? Nilishukuru kuwa na mama wa namna ile.

Dawa ilianza kupigwa baada ya masika. Mate yalinijia wiki ya tatu. Mara ya pili yakaja pamoja na macho: nilitazama taa nikaiona kwa mbali sana, kama niko ndani ya mtungi. Misuli ya mkono ikawa inarukaruka yenyewe chini ya ngozi. Mke wangu, Ndeshi, aliuweka mkono wake juu ya wangu kuituliza, ikaendelea kuruka chini ya kiganja chake, akauondoa. Asubuhi kaka yangu mkubwa, Aminieli, akanipakia kwenye lori la ndizi hadi hospitali ya misheni.

Mtu akikuambia hospitali ni mahali pa kupona, mwambie kwanza ni mahali pa kukaa. Nilikaa kwenye benchi tangu jua lilipogusa ukuta mpaka lilipouacha. Upande wangu mmoja alikuwepo mzee aliyekatwa na shoka, anauangalia mguu wake kana kwamba ni wa jirani. Upande wa pili, mama mmoja wa Bomang'ombe na mtoto aliyemeza kifungo. Mate yalinitiririka shingoni na mikono yangu haikuwa na nguvu ya kuyafuta. Yule mama alichukua upindo wa kanga yake akanifuta, mara moja, kisha mara ya pili, bila kuniuliza jina wala ugonjwa. Mpaka leo sijui kama kifungo kilitoka. Namkumbuka kuliko daktari.

Dresa, msaidizi wa daktari, alinifunua macho akasema mboni zimekuwa kama tundu la sindano. Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia.

"Unavaa kinyago?"

"Navaa."

"Chenye kopo la mkaa?"

"Chenye kopo."

Akaandika. Hakuuliza kinalala wapi, na mimi sikujua kuwa hilo ni jambo la kuulizwa. Nikapigwa sindano ambayo ndani ya dakika chache iliyakausha mate yote. Kinywa kikawa majivu matupu, moyo ukapiga mbio, na mboni zikapanuka hata sikuweza kusoma maandishi ukutani. Kama wewe utapigwa sindano hiyo, usiogope, hali hiyo hupita. Omba maji uoshe kinywa, na mtu wa kukushika ukienda msalani.

Nilirudi kazini baada ya wiki moja, na huko nikabuni dawa yangu mwenyewe. Nilijiwazia: ikiwa kopo dogo la mkaa linanisaidia, basi gunia zima litanisaidia zaidi. Nikanunua gunia la mkaa wa jikoni, nikaujaza kwenye makarai manne, nikayapanga pembe nne za stoo. Fundi Hamisi akaingia kuchukua bomba la kupigia dawa, akayaona.

Hamisi alikuwa fundi wa mashine pale shambani, Mwislamu wa mjini Moshi, mama yake Mchaga na baba yake mtu wa Pangani. Alikuwa amekwenda Burma na jeshi na kurudi na ustadi wa injini na ulimi wa pilipili.

"Karani, leo tunapika pilau humu?"

Nikamweleza. Hakucheka, au alicheka kidogo tu. Akasema jeshini walifundishwa kuvaa vinyago vya namna ile, na mwalimu wao aliwapasulia kopo moja waone. Mkaa wake ulitokana na vifuu vya nazi, ukachomwa mara ya pili kwa mvuke mkali mpaka kila punje ikawa vitundu vitupu, vidogo hata jicho halivioni. Hewa inapita, harufu ya sumu inanasa ndani ya vitundu. Mkaa wa jikoni vitundu vyake ni vichache na vimeziba.

"Na hata ungekuwa ule wenyewe," alisema, "umeuweka pembeni na wewe uko katikati. Hewa haina adabu ya kwenda yenyewe kwenye karai. Lazima isukumwe ipite."

Nikayatoa makarai. Siku nne baadaye nikaanguka tena, tena jioni, tena kijiko kikiwa mkononi.

Hapo ukoo ukakutana. Walikaa uani kwangu, kaka Aminieli na wake zake, baba wadogo wawili, mama, na majirani wa kihamba cha juu. Mimi nilikuwa nimelazwa kwenye mkeka, kinywa kikavu kwa sindano. Mama alisimama. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku ile pia hakuyahitaji.

"Mwanangu anatoka kazini mzima," alisema. "Anapita kwangu mzima, ananisalimu, tunacheka. Akifika kwake akala chakula, anatokwa na povu. Mara ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo. Kuna mkono wa mtu unamwua mwanangu. Mnataka niutaje?"

Hakuna aliyeuliza kama kwa mama nako huwa nakunywa kitu. Nilikuwa nakunywa maziwa kila jioni. Lakini mama hashtakiwi.

Ndeshi alisimama mlangoni na mtoto mgongoni. "Sufuria ni moja," alisema. "Anakula yeye, nakula mimi, anakula mtoto. Mbona sisi tuko wazima?"

"Wa Kibosho wanajua kugawa sufuria," alisema mama, na watu wawili watatu wakacheka. Ndeshi alitoka Kibosho. Alikuwa Mkatoliki mpaka alipoolewa kwetu, na vita vya wamangi, watawala wetu wa zamani, ambavyo hata mama hakuviona, vilikuwa bado vinapiganwa kila ndizi zilipoungua.

Ndeshi aliniangalia. Ningeweza kusema ulimi ulikuwa umekauka kwa sindano, na ulikuwa umekauka kweli. Lakini nisijifiche nyuma ya sindano. Ningetaka kusema, ningesema. Nilikuwa mgonjwa, nimechoka, na nimeogopa, na sehemu fulani ndani yangu ilikuwa imehesabu vijiko kama mama alivyohesabu. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ikaamuliwa arudi kwao mpaka nipone. Aliondoka kesho yake na Elinami. Hakulia wala hakuaga majirani. Alichukua nguo zao na ile sufuria.

Mimi nikahamia kwa mama. Mavuno yakaanza, dawa ikasimama, stoo ikafungwa, na mimi nikapewa kazi ya kupokea magunia uani kwenye upepo. Nikapona. Nilikula mtori wa mama, supu yetu nzito ya ndizi, nikanenepa, mikono ikatulia, macho yakarudi. Kila aliyekuja kunisalimu aliniangalia, kisha akamwangalia mama, na mama alikoleza moto tu. Ushahidi ulikuwa umekaa hapo, umeshiba. Hata mimi niliusadiki, siku nyingine. Siku nyingine nilipita kwenye nyumba yangu ya bati, nikafungua mlango, nikasimama ndani bila sababu.

Mvua za vuli zikanyesha na kwisha. Kiangazi kilipoingia Mgiriki akafungua stoo na kuniita. Akanipa kopo jipya la kinyago. Mama akakipokea kinyago jioni kama kawaida, na siku ya kumi na mbili, nikiwa nimekaa kwenye kigoda karibu na moto wake, bakuli la mtori wake mapajani, mate yakaja.

Mama alinishika kichwa nisiangukie moto. Safari hii kifua kilibana hata nikaona ndio mwisho. Kila pumzi ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia, na ndani ya kifua kulisikika maji. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Ni ile sumu ya zamani. Bado imo." Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka mama yangu. Sikushuku chakula chake hata kidogo. Nilishuku hesabu yake.

Hospitali walinipiga sindano nyingi kuliko zote za mwanzo nikizijumlisha, moja baada ya nyingine, mpaka nikaanza kuona ng'ombe wa marehemu baba wakitembea darini. Nililala siku tisa. Daktari akasema nisikanyage stoo tena mpaka yeye aseme, na kama nitaanguka mara nyingine kabla ya mwili kupumzika, asingeahidi kitu. Nilirudishwa kwa mama nikiwa na miguu ya ndama wa siku moja.

Hamisi alikuja kunitazama siku ya Jumapili. Alivua viatu mlangoni, akainama kuingia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Huyu ndiye mwenzako, au mabaki yake."

Mama akatoka kwenda kuwakatia ng'ombe majani ya migomba. Hamisi akakaa, akakohoa kwa moshi, akapangusa macho, kisha akainua uso juu kutafuta mahali moshi unapotokea.

"Karani," akasema. "Kile ni nini?"

Nikaangalia. Kati ya mahindi ya mbegu na kikapu cha ulezi, kilikuwa kimening'inia kinyago, kopo lake limeelekea chini kwenye moto.

"Si kinyago changu? Mama hunitunzia."

"Kila siku?"

"Kila siku. Tangu mwanzo."

Hamisi alishusha kichwa akakishika kwa mikono miwili. Kisha akaongea polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Mkaa ule, alisema, hauli sumu na wala hauiui. Unaishika tu. Vitundu vikijaa, umekwisha, hewa itapita na sumu yake. Na mkaa hauchagui harufu. Hauwezi kusema hii ni dawa ya kunguni niishike, huu ni moshi wa mama niuache. Kila kinachonuka unakinasa: moshi, mkojo wa ng'ombe, mafuta ya taa.

"Wewe unalala, wenyewe unafanya kazi," alisema. "Asubuhi unauvaa umeshiba. Huko stoo ulikuwa unavuta dawa kavu kavu, ndugu yangu, kupitia kopo la urembo. Nayo hujikusanya mwilini kutwa, ndiyo maana inakuangusha jioni, kwa bakuli la yeyote."

Nilitaka kubisha. Nikamwambia harufu sikuisikia. Akaniuliza kama kweli sikuisikia kabisa. Nikafikiri. Niliisikia, kidogo, baada ya siku kadhaa, nikadhani imo kwenye nguo. Kisha pua ikazoea.

Hamisi hakuwa mtu wa kukuachia jambo nusu. Kesho yake alirudi na kopo jipya, bado limezibwa na utepe, na kisahani chenye mafuta ya taa. Tulikaa nyuma ya nyumba yangu. Akaliacha kopo la zamani kwenye kinyago, akanivika, akasogeza kisahani. Nikasikia mafuta ya taa kama niko dukani. Akabadilisha, akafunga lile jipya, akasogeza kisahani kile kile mpaka kikagusa bati. Sikusikia kitu. Nilivuta pumzi mara ya pili na ya tatu. Hewa tupu, haina hata harufu ya asubuhi.

"Nani alikitundika pale juu?" aliniuliza.

"Unajua nani."

"Najua," alisema. "Nilitaka kujua kama na wewe unajua."

Wewe unayefanya kazi hii, shika haya. Kopo likishatoka kwenye utepe, linaanza kushiba hapo hapo, hata kama hujalivaa. Ukilivua, lizibe, liweke kwenye bati la biskuti lenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko, mbali na zizi, na mbali na stoo yenyewe. Ukisikia harufu kidogo, usiseme ni nguo, toka nje. Na kamwe usifungiwe ndani. Baadaye Mgiriki alikubali madirisha yatiwe nondo yaachwe wazi, na Hamisi akaunda sanduku la mbao lenye trei tatu za mkaa ule ule wa vifuu, na feni inayozungushwa na mkanda wa injini, ikiivuta hewa ya stoo na kuipitisha kwenye trei. Mbele yake aliweka blanketi kuukuu la kushika vumbi, maana mkaa haushiki vumbi vizuri. Trei hubadilishwa, hazioshwi. Karani aliyenifuata amemaliza misimu miwili na mate yake yamo kinywani.

Nirudi kwangu. Miguu ilipopata nguvu nilikwenda Kibosho. Ni njia ya mabonde, na mwenye afya huitembea asubuhi moja. Mimi nilipumzika kila mto. Nilimkuta Ndeshi akipalilia kahawa ya kaka yake. Elinami alinikimbia, hakunijua. Nikamweleza Ndeshi yote, kinyago, moshi, mafuta ya taa. Alisikiliza huku akipalilia. Nilipomaliza alisimamisha jembe.

"Mama ameambiwa?"

"Bado. Nimefikiri nisimwambie. Niseme nilikitundika mimi. Itamwua."

"Na mimi haikuniua?" Hakupaza sauti. "Baba Elinami, ulilala kwenye mkeka ukaniangalia nikiitwa mchawi. Sikukuuliza kwa nini, kwa sababu ulikuwa unaumwa. Leo huumwi."

Nikasema nitamwambia. Akarudi kwenye palizi, na nikaelewa kuwa mazungumzo yamekwisha.

Nilimwambia mama tukiwa wawili, yeye akipuliza moto. Nilimweleza kwa maneno ya Hamisi, polepole. Hakuacha kupuliza. Kuni zilishika, akaendelea kupuliza hata pasipo haja.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ni moshi, mama."

"Moshi wa nani?"

Asubuhi hakuwepo. Ng'ombe walikuwa wamekamuliwa na maziwa yamefunikwa. Jirani alimwona akishuka bondeni na jani la isale mkononi, lile ambalo kwetu mkosaji humpelekea aliyemkosea, na aliyepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Lakini isale hutoka kwa watu wa rika moja, au mdogo humpelekea mkubwa. Sijapata kusikia mama mkwe akimpelekea mkaza mwanawe, tena wa Kibosho.

Alirudi jioni, vumbi mpaka magotini, jani bado analo. Nikadhani Ndeshi amevunja mila, nikaingiwa na hofu.

"Hakukataa," alisema mama, akikaa. "Alinikaribisha, akaniosha miguu. Akasema, 'Mama, hilo nitalipokea. Ila hukunitukana jikoni kwa kaka yangu. Lilete pale uliponisemea, mbele ya wale wale.'" Akaligeuzageuza jani. "Ana haki. Mwite Aminieli."

Jumapili baada ya ibada wakaja wote, kaka na wake zake, baba wadogo, majirani wa kihamba cha juu, wakakaa uani kwangu kama ile siku. Ndeshi alikuwa amefika tangu asubuhi na alikuwa amepika. Mimi nilisimama safari hii. Nilisema ilinipasa kusema neno siku ile na sikulisema, na nilimwomba mke wangu radhi kwa jina lake. Haikuwa hotuba nzuri. Nikakaa.

Mama akaja katikati. "Hapa nilisema kuna mkono wa mtu unamwua mwanangu," alisema. "Nilisema kweli. Mkono wenyewe ni huu." Akauinua mkono wa kuume wenye isale, ukawa unatetemeka juu pale, na hakuna aliyejua mahali pa kutazama.

Ndeshi alimwendea. Alilipokea jani kwa mkono mmoja, na kwa wa pili akaushika mkono wa mama akaushusha taratibu mpaka ukatulia. Mimi ambaye sikulia kwa sindano wala kwa benchi la hospitali, nililia mbele ya kaka yangu, tena kwa sauti.

Kisha chakula kikaletwa. Ndizi na maharage, mabakuli yamepangwa mbele ya kila mtu. Watu walishukuru, wakasifu harufu, wakaulizana habari za kahawa, na hakuna aliyegusa kijiko. Ndeshi alisimama mlangoni anawaona.

Mama akavuta bakuli lake, akala lote peke yake, wote wakimwangalia, akamwinulia Ndeshi bakuli tupu akaomba tena.